Sisi Si Mikono Tu: Idiali Tasa Ni za Watoto wa Majani Chai Pia

Leo niko na hasira, na hasira yenyewe ni ya hesabu.

Kuna sentensi moja inanikera kuliko zote, na inasemwa kutoka Londiani hadi Sotik: "Hiyo hesabu itakusaidia na nini kwa majani chai?" Utaisikia kwa matatu, kwa mzazi, kwa mwalimu aliyechoka, na hata kwa msee wa rika lako ambaye hajawahi kupewa swali gumu na muda wa kulifikiria. Inasemwa kwa sauti ya busara. Mimi naona ni ua. Umejengwa zamani, na sasa sisi wenyewe ndio tunaupaka rangi kila mwaka.

Angalia historia. Kampuni kubwa za chai zilikita mizizi Kericho miaka ya 1920. Tangu hapo hii nchi yetu ya kijani imehesabiwa kwa mikono: mikono mingapi ya kuchuma, mikono mingapi ya kupalilia, majani mawili na chipukizi, weka kwa kikapu, peleka ikapimwe. Miaka mia moja ya kuitwa mikono. Halafu mashine za kuchuma zikaja, na mashine hazihitaji mikono mingi. Mei 2023 watu walikasirika mpaka mashine zikachomwa hapa Kericho. Siandiki kumlaumu mtu wala kumsifu. Nauliza tu: kama kazi ya mikono inapewa mashine, kwa nini bado tunawaambia watoto kwamba kufikiri sana ni kwa watu wa kwingine?

Na hii si stori ya wazee pekee. Mfumo mpya wa shule ya upili ulipopangwa, mpango ulikuwa hesabu isiwe lazima kwa kila mtu. Watu wakapiga kelele. Aprili 2025 Waziri wa Elimu Julius Ogamba akatangaza kwamba itabaki lazima, lakini kwa aina mbili: hesabu kamili kwa wale wa sayansi na teknolojia, na hesabu nyepesi kwa wale wa sayansi ya jamii na wale wa sanaa na michezo. Sina shida na nyepesi. Si kila mtu anataka kalkulasi, na hiyo ni haki yake. Shida yangu ni kile kinachopunguzwa tukisema nyepesi. Kawaida fomula zinabaki, zoezi linabaki, na kinachotolewa ni swali la "kwa nini". Yaani unatoa nyama, unabakisha mfupa, halafu unashangaa mtoto akisema hapendi supu.

Basi leo nafanya jaribio. Nachukua kitu ambacho chuoni hufundishwa mwaka wa mwisho wa digrii ya hisabati au baada yake. Nakieleza kwa Kiswahili, na kwa majani chai. Ukikielewa, basi wale waliokuambia si chako walikudanganya.

Swali lenyewe: dimensheni ni nini?

Kila mtu anajua mstari una dimensheni 1, karatasi 2, chumba 3. Uliza kwa nini, utaambiwa: "Kwa sababu unahitaji namba 2 kuonyesha mahali kwenye karatasi." Sawa. Lakini mwaka wa 1877 Georg Cantor alionyesha kwamba nukta za mstari mfupi zinaweza kulinganishwa moja kwa moja na nukta zote za mraba, hakuna inayobaki. Ukitaka, namba 1 tu inatosha kutaja mahali popote kwenye karatasi. Halafu mwaka wa 1890 Giuseppe Peano akachora mkunjo, mstari mmoja usiokatika, unaopita kila nukta ya mraba. Kwa hivyo jibu la darasani lina shimo kubwa katikati, na hakuna aliyekuambia.

Jibu moja zuri lilitoka kwa watu wa aljebra huko Ujerumani, miaka ile ile ya 1920 ambayo chai ilikuwa inapandwa hapa. Emmy Noether alichapisha kazi yake kubwa kuhusu idiali mwaka wa 1921. Wolfgang Krull, aliyejifunza mengi kwake, akachapisha mwaka wa 1928 kazi kuhusu minyororo ya idiali tasa. Na Noether huyo alikuwa mwanamke aliyefundisha chuo kikuu miaka mingi bila mshahara, na mwaka wa 1933 Wanazi wakamfukuza kazi kwa sababu alikuwa Myahudi. Naye pia alikuwa ameambiwa hii si yako.

Ringi, doa, na doa tasa

Ringi ni mkusanyiko wa vitu unavyoweza kujumlisha, kutoa na kuzidisha ukabaki ndani. Namba kamili, pamoja na sifuri na hasi, ni ringi. Kugawanya si lazima kuwezekane: 3 ukigawa kwa 2 unatoka nje. Ringi za leo zina adabu moja zaidi, kwamba 3 mara 5 ni sawa na 5 mara 3.

Sasa idiali. Aliyechuma majani siku nzima anajua vile utomvu wa chai unavyoshika vidole, unaoga na bado vimebaki vyeusi. Idiali ni doa la aina hiyo ndani ya ringi. Sheria ni mbili. Ukijumlisha au kutoa vitu viwili vyenye doa, jibu lina doa. Na ukizidisha chenye doa kwa kitu chochote cha ringi, hata kisafi namna gani, jibu lina doa. Mfano: vizidisho vya 5. 10 na 35 zina doa, jumla yake 45 ina doa. 10 mara 3 ni 30, ina doa.

Idiali tasa ni doa lenye tabia ya pekee: halitokei hewani. Zao likiwa na doa, lazima angalau mzazi mmoja alikuwa na doa tayari. Na lisishike kila kitu. 1 ibaki safi.

Doa la 5 ni tasa, kwa sababu ukizidisha namba mbili ukapata kizidisho cha 5, moja yao ilikuwa kizidisho cha 5. Doa la 6 si tasa: 2 ni safi, 3 ni safi, lakini 2 mara 3 ni 6, na 6 ina doa. Limetoka wapi? Hewani. Na kuna doa moja dogo sana, lile la sifuri peke yake. Kwa namba kamili nalo ni tasa: ukizidisha ukapata sifuri, mmoja alikuwa sifuri.

Kando kidogo, kuhusu hilo neno "tasa". Kwa lugha yetu tasa ni asiyezaa. Lakini namba tasa ndizo zinazozaa zingine zote: 12 ni 2 mara 2 mara 3, 50 ni 2 mara 5 mara 5. Ziliitwa tasa kwa sababu hazigawanyiki, na wengi wakaishia hapo bila kuuliza zinazaa nini. Inafanana na watu fulani ninaowajua, wa mtaa fulani wenye majani mengi.

Sasa mnyororo

Krull anasema: panga madoa tasa moja ndani ya lingine, dogo hadi kubwa, kisha hesabu hatua. Si idadi ya madoa, hatua. Ni kama ghorofa Kericho mjini: sakafu ya chini ni 0, ukipanda mara moja uko ya 1. Mnyororo mrefu kabisa unaowezekana, hatua zake ndizo dimensheni ya ringi.

Namba kamili: doa la sifuri peke yake liko ndani ya doa la 5. Hatua 1. Je, tunaweza kupenyeza lingine katikati? Tujaribu. Tuseme kuna doa tasa ndani ya doa la 5 ambalo si la sifuri pekee, na lina 50. 50 ni 5 mara 5 mara 2. Doa halitokei hewani, kwa hivyo ama 5 ina doa ama 2 ina doa. 2 haiwezi, si kizidisho cha 5. Basi 5 yenyewe ina doa, na vizidisho vyake vyote nayo. Tumerudi kwa doa la 5 lile lile. Badala ya 50 weka namba yoyote ya humo isiyo sifuri. Toa 5 zote zilizomo ndani yake, na hoja haibadiliki.

Je, tunaweza kupanda juu ya doa la 5? Ongeza namba moja isiyogawanyika kwa 5, tuseme 7. Sasa 5 na 7 zote zina doa, kwa hivyo 3 mara 5, toa 2 mara 7, ina doa. Hiyo ni 15 toa 14. Ni 1. Na 1 ikishikwa na doa, kila kitu kimeshikwa, na tulisema hiyo hairuhusiwi. Mlango umefungwa. Badala ya 5 weka 2, 3 au 11, utafika pale pale, na doa tasa lolote lisilo la sifuri pekee lina namba tasa ndani yake, kwa hoja ile ile ya 50.

Kwa hivyo namba kamili zina dimensheni 1. Hukukremu. Umethibitisha. Ni dakika 3 tu zimepita, na sijatumia fomula hata moja uliyoambiwa umeze.

Sasa saa ya ukutani. Saa 8 ongeza masaa 7 ni saa 3. Ni namba 12 zinazozunguka, na 12 ndiyo sifuri. Humo ndani 3 mara 4 ni 12, yaani sifuri. Wazazi wawili safi, mtoto ana doa! Kwa hivyo doa la sifuri pekee si tasa tena. Yanayobaki tasa ni mawili: doa la 2 na doa la 3. Hakuna lililo ndani ya mwenzake. Mnyororo hauna hatua hata moja. Dimensheni 0. Kwa jicho la Krull saa yote ni nukta mbili zilizotengana, bila njia kati yake. Unaweza kuzunguka maisha yako yote na usipande hata ghorofa moja. Sisemi kitu kuhusu siasa ya kaunti, nasema tu.

Shamba lenyewe

Hapa ndipo inakuwa tamu. Simama kwa lango la shamba la chai. x ni hatua za kwenda mashariki, y ni hatua za kwenda kaskazini. Ringi yetu sasa ni fomula zote unazoweza kuandika kwa x na y kwa kujumlisha, kutoa na kuzidisha: 3x + 2y, x mara x toa y, na kadhalika.

Chagua kichaka kimoja cha chai, kile cha langoni. Fomula zote zinazotoa sifuri hapo ni doa tasa. Chagua mstari mzima wa chai unaopita hapo kwenda kaskazini. Fomula zinazotoa sifuri kwa mstari wote ni chache zaidi, nazo ni doa tasa. Chagua shamba zima. Fomula inayotoa sifuri kila mahali ni moja tu: sifuri. Doa tasa la mwisho. Umbo likikua, doa linapungua. Shamba, mstari, kichaka: hatua 2. Dimensheni ya shamba ni 2, na kuna thibitisho kwamba hutapata mnyororo mrefu zaidi. Ongeza urefu wa kwenda juu, herufi ya tatu, unapata 3. Cantor na Peano hawana nafasi ya kuvuruga hapa, kwa sababu hatuhesabu nukta. Tunahesabu hatua.

Na mistari miwili inayokatana langoni, mmoja wa kaskazini na mmoja wa mashariki? Fomula x mara y inatoa sifuri kwa yote miwili, lakini x peke yake haitoi, na y peke yake haitoi. Doa kutoka hewani. Ni ile hadithi ya 6 ikirudi na nguo nyingine. Namba na mashamba, kumbe ni mchezo mmoja. Mimi hilo ndilo lilinifanya niandike haya yote.

Krull alithibitisha kitu kikali zaidi. Kwa ringi zinazobeba jina la Noether, chukua kitu 1 na doa tasa dogo kabisa linalokishika: haliwezi kuwa juu ya ghorofa ya 1. Vitu 2, haliwezi kupita ghorofa ya 2. Yaani huwezi kuruka ngazi. Kila sharti unaloongeza linakupandisha hatua moja au halikupandishi, basi.

Na mnaosema "lakini"

"Lakini itanisaidia na nini?" Ningeweza kukujibu kirahisi. Ujumbe wako wa WhatsApp unafungwa kwa hesabu ya mkunjo fulani, na ringi ya mkunjo huo ina dimensheni 1. Haya, imekusaidia, umefurahi? Lakini sitaki kukuuzia hivyo. Hakuna anayemuuliza mtoto wa Nairobi mwenye piano nyumbani kwamba piano itamsaidia na nini. Ni sisi tu tunaotakiwa kuleta risiti kabla ya kuruhusiwa kushangaa. Mtu aliyewahi kushika thibitisho moja kwa mkono wake mwenyewe ni mgumu kudanganywa. Ukimwambia bonasi ni ndogo kwa sababu hivi na hivi, atauliza kila hatua: hii inatoka wapi? Doa hili limetoka hewani? Hiyo tabia ndiyo ninayoitaka hapa kwetu, zaidi ya kazi yoyote ya ofisi.

"Lakini walimu wana madarasa makubwa." Kweli kabisa, na sipigani na mwalimu. Mwalimu anapimwa kwa gredi ya wastani, kwa hivyo anafundisha gredi. Na hapa hisabati ina neno. Fikiria shamba tambarare, na nguzo ya stima imesimama katikati yake. Umbo hilo, shamba pamoja na nguzo, lina ringi yake, na dimensheni ya ringi hiyo ni 2. Nguzo ni 1 tu, lakini namba haiitaji, kwa sababu dimensheni hutaja mnyororo mrefu kabisa na kunyamaza kuhusu mingine. Ukitaka kujua nguzo ipo, lazima uangalie madoa tasa yenyewe, moja baada ya lingine. Kama hata watu wa aljebra wanakubali kwamba namba moja inaficha nguzo nzima, sisi ni akina nani kuamini kwamba gredi moja inamaliza mtoto?

"Lakini Kiswahili hakiwezi hesabu ya juu." Umefika hapa ukisoma nini?

Ninachodai

Moja: ile hesabu nyepesi ibaki na thibitisho. Hata moja kwa wiki. Punguza fomula, usipunguze "kwa nini". Hoja ya 50 na hoja ya 15 toa 14 haihitaji kikokotoo wala maabara. Inahitaji chaki na mtu wa kungoja jibu bila kukasirika.

Mbili: wanafunzi wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Kabianga, mko hapa hapa Kericho. Jumamosi moja kwa mwezi, shule moja ya jirani, swali moja. Msilete hotuba ya motisha. Leteni saa ya ukutani.

Tatu, kwako wewe unayesoma ukiwa Litein, Kapkatet, Mogogosiek, au umehamia Nairobi na unajifanya hujui majani: acha kurudia ile sentensi. Mdogo wako akikuuliza kwa nini hasi mara hasi ni chanya, usimwambie "ndivyo ilivyo". Mwambie hujui, mkae chini, mtafute pamoja.

Na kwa sababu sipendi kuandika hotuba bila kuacha kazi, haya maswali matatu. Kwanza: saa yenye masaa 7 badala ya 12, ina madoa tasa mangapi? Pili: saa yenye masaa 30 je? Tatu, hili ni la wagumu: chukua fomula za x zenye namba kamili pekee, kama 4x + 9. Tafuta mnyororo wenye hatua 2. Nakupa mwanzo: sifuri peke yake, halafu vizidisho vya 5, halafu…

Usiulize simu. Chukua karatasi.